Panya Aliyepoa

Rumonge, Jumanne jioni

Kwenye ekografi, mashine inayotuonyesha moyo ukidunda, moyo wa panya ulikuwa unasuasua. Claudine, mwenzangu wa maabara, akahukumu: "Muzee, hii dawa ya malaria iko inaua moyo. Niandikie wakubwa wa Bujumbura kama imeshindwa?"

"Subiri, binti yangu. Muguse kwanza."

Panya alikuwa wa baridi. Umeme ulikatika, mashine ina betri, lakini kibao cha kumpasha joto kilizimika. Panya aliyelazwa kwa dawa ya usingizi akipoa, moyo wake hulegea. Tulimzungushia chupa za maji moto, mapigo yakarudi.

Claudine akacheka. Mimi sikuweza.

Jana umeme ulikatika vilevile. Nilipima panya wengine peke yangu, sikumgusa hata mmoja, nikasaini ripoti kwamba dawa inalegeza moyo, nikaituma Bujumbura. Kesho asubuhi nitawaambia, kabla hawajaitupa dawa.