Barua ya Wazee Haina Muhuri

Dada Yustina, shikamoo.

Natumaini mvua imeacha njia ya Dongobesh ipitike na duka lako linafunguliwa. Mafua ya kitinda mimba wako yameisha? Mimi ni mzima, ukiacha miguu, ambayo baridi ya huku ughaibuni iliichukua na hairudishi.

Ichapishe barua hii umsomee Baba, maana haamini neno lisilo na karatasi. Akiuliza tena kwa nini daktari asiyeweza kutibu hata mbuzi bado anaomba kusoma, mwambie siombi kusoma. Naomba nafasi ya utafiti ya miaka miwili, juu ya udongo wetu wa Tlawi. Shahada ya udaktari wa vitabu ninayo. Kinachokosekana ni karatasi.

Chuo cha huku na cha nyumbani vina ushirikiano. Maana yake nimeielewa: kila kimoja kinamngoja mwenzake aanze. Cha huku kinataka barua itoke nyumbani. Cha nyumbani kinataka kwanza kijiji kikubali. Ndiyo maana nilimwomba Baba kitu kidogo tu: aende kwa mtendaji wa kijiji, apate mistari mitatu na muhuri. Asubuhi moja ingetosha.

Baba akaita wazee. Wiki tatu, Dada! Pombe ikapikwa, wakakaa, wakabariki, wakaahirisha kwa ajili ya msiba, wakakaa tena. Nikipiga simu:

"Baba, muhuri vipi?"

"Wewe, mtu hatolewi nyumbani kama gunia la vitunguu saumu."

"Mwisho ni Ijumaa, Baba."

"Hiyo Ijumaa ni ya nani?"

Jana nikapata ile picha ya barua yao uliyonitumia. Vidole gumba kumi na moja, muhuri hakuna. Kuhusu udongo, neno moja: achimbe. Kisha: "Kijana huyu tumemweka kwenu kama tunavyoweka ng'ombe kwa watu wa tambarare za Hanang. Maziwa kunyweni. Atakachozaa huko, ndama ni wetu. Tukija kumchukua, msituulize sababu."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikampelekea mama wa ofisi ya ushirikiano, nikamtafsiria kwa kunong'ona, nikaomba wiki moja zaidi.

"Wiki hakuna," akasema. "Lakini hiyo habari ya ng'ombe irudie."

Nikarudia. Akafungua fomu yangu pale wanapouliza kwenu watanufaikaje, nawe utarudije. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili. Akazisoma, akanitazama kama Mama anavyotazama ugali mbichi.

"Haya unayaamini mwenyewe?"

Nikazikunja zile kurasa mbili.

"Weka ya wazee. Ila muhuri lazima."

Miaka yote ile ya vitabu, nimeshindwa na vidole gumba.

Sasa nakuomba, kesho mapema funga duka, panda Tlawi, umshike mtendaji kabla hajaenda mnadani. Agonge muhuri kwenye barua hiyo hiyo, nawe unitumie picha. Asiandike upya, asiipambe, ng'ombe asimtoe. Ikipita Ijumaa, kibali changu cha kukaa huku kinaisha, na nitarudi bila hata ndama mmoja.

Msalimie Mama, soksi alizonifumia navaa mbili mbili. Shemeji, mumeo, mwambie pikipiki yake ndiyo itakayokupandisha, asijifanye haina mafuta. Wazee wa vidole wote nawapa shikamoo. Baba mwambie ameshinda, lakini usiseme kwa sauti kubwa.

Mwambie na hili: wakija kunichukua, sitawauliza sababu.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Paskali