Kukimbilia Bukoba

Jumapili, jioni. Mvua za mwisho za masika zilitukuta tukitoka kanisani na mpaka sasa hazijakatika. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, na chumba changu hapa nyuma ya boma kinanuka udongo mbichi. Viatu vimelowa. Nimeviweka karibu na jiko la mkaa na kila nikivitazama nageuza uso.

Nina aibu.

Leo nimetafuna kahawa ya mtu niliyemkosea, kisha nikamshukuru.

Lakini nianze na jana, maana jana asubuhi nilikuwa na furaha. Ilikuwa siku ya michezo, uwanja tulikuwa tumeuchora kwa majivu, na Kemilembe alikuwa anakimbia nusu maili. Kemilembe ni binti wa Mzee Rwamugata wa Nyakasimbi. Nilipohamishiwa hapa kutoka Bukoba, siku ya michezo ya kwanza niliyoiona, aliingia uwanjani amejifunga kanga ya mama yake kwa kamba ya mgomba. Wanawake wakamcheka. "Huyo anamfukuza ndama wa nani?" Mwingine akasema msichana anayekimbia hivyo atamwaga uzazi wake njiani. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa mwisho, nami nikamwonea huruma. Mzunguko wa pili sikumwonea huruma tena. Aliwapita mmoja mmoja bila haraka, kama mtu anayewapita watu njiani akiwaamkia.

Mwaka uliofuata watu wa Nkwenda walimleta msichana wao mrefu, kwa nyimbo na ngoma, waje kumaliza ubishi. Walirudi kimya. Tangu hapo hakuna aliyemshinda. Amepata jembe, sufuria, na blanketi jekundu ambalo baba yake hulivaa hata jua likiwaka, na akiulizwa kama anaumwa hujibu kwamba hili si la kuzuia baridi.

Jana alishinda tena, na kwa umbali mkubwa kuliko zamani. Bwana Shauri wetu mpya, Mzungu ambaye Kiswahili chake bado ni cha kuagiza maji ya moto, aliitazama saa yake, akaitikisa sikioni, akaitazama tena. Kisha akaagiza baba wa msichana aitwe mbele, na mimi, karani wake, nikasimama katikati kutafsiri. Watu wote walisogea kusikiliza.

Maneno yake yalikuwa mepesi. Alisema anataka binti akakimbie Bukoba kwenye mashindano ya jimbo, atalala kwa masista, na mashindano yakiisha lori litamrudisha hadi mlangoni. Akishinda huko, atapelekwa Dar es Salaam kukimbia mbele ya nchi nzima.

Mimi ni Mhaya. Kinyambo, lugha ya hapa, kiko karibu na yetu, lakini watu wa hapa hucheka ulimi wangu, na mbele ya umati naogopa kuchekwa kuliko kitu chochote. Kwa hiyo nilishika matamshi. Nilichunga kila herufi. Na nilipokuwa nachunga herufi, maana ikaniponyoka. Nilimwambia Mzee Rwamugata, kwa matamshi safi kabisa, kwamba Bwana Shauri anataka binti yake akimbilie Bukoba.

Nikaishia hapo, nikivuta pumzi.

Kila mtu wa pande hizi anajua maana ya neno hilo. Kukimbia mbio na kukimbia mume kwetu ni neno moja, kama lilivyo kwa Kiswahili. Na mwanamke aliyekimbilia Bukoba ni yule aliyepanda lori la kahawa alfajiri, akashuka mjini, akaendelea Kampala au Nairobi, na kwao jina lake halitajwi tena wakati wa chakula. Mimi niliyezaliwa Bukoba ndiye niliyepaswa kulijua kuliko wote.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Waitu, jamani, na mahari je? Au Mzungu anachukua bure?"

Mzee Rwamugata hakucheka. Alilivua lile blanketi, akalikunja, akalishika kwapani. "Mwambie binti yangu hakimbilii popote," akasema.

Bwana Shauri akaniuliza, amesemaje?

Hapo ndipo ningeweza kusahihisha. Lakini karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kutafsiri vibaya kesi ya shamba, na watu walikuwa bado wanacheka. Nikamjibu Mzungu kwamba mzee anasema ni msimu wa kuchuma kahawa, hawezi kumwachia binti. Akasikitika. Akasema nafasi kwenye lori itabaki hadi Jumatatu asubuhi, kama mzee atabadili mawazo.

Kosa la kwanza lilikuwa la ulimi. Hili la pili nililifanya kwa akili zangu zote.

Leo baada ya ibada nilikwenda Nyakasimbi kwa miguu, mvuani, nikiwa nimeamua kusema kila kitu. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilifika nimelowa kama kuku, nikapiga hodi, nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia. Mama Kemi, mgeni ameloa."

Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake Mzee Rwamugata aliniketisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu hapewi mtu usiyemtaka nyumbani mwako. Akanisogezea kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nataka nije kwako kukushukuru," akasema.

Nikamuuliza, kunishukuru kwa lipi?

"Mzungu alizungumza maneno marefu, matamu. Niliona uso wake unavyocheka. Wewe ukayakata, ukanipa neno moja tu, lile la kweli. Mtu mwingine angeniletea ile asali yote." Akatafuna punje moja taratibu. "Dada yangu walimchukua kwa asali. Walisema anakwenda Bukoba kuuza mikeka. Lori lilipita hapo njia panda, mimi nikimpungia mkono. Hata kaburi lake hatulijui. Kwa hiyo, karani, umeniokolea mtoto. Kula kahawa."

Kemilembe alikuwa nyuma ya kizuizi cha matete, anamenya ndizi. Nilisikia kisu kimesimama.

Kinywa changu kilikuwa wazi. Naapa kilikuwa wazi, na neno la kwanza lilikuwa tayari kwenye ulimi. Na mimi nikatia humo punje ya kahawa, nikatafuna, nikasema, "Asante, Mzee."

Nikasikia kisu kikianza tena.

Baadaye mama yake akamwambia anisindikize hadi barabarani, na tukatembea hadi tulipopita migomba ya mwisho. Kemilembe alisoma shule ya misheni madarasa machache, na Kiswahili chake ni kizuri. Alikizungumza makusudi, nafikiri, ili neno lisitupotee tena.

"Bwana Shauri hakusema nikimbilie," akasema. "Nilikuwa karibu. Kiingereza sikijui, lakini nilimsikia akitaja masista. Mtu hamtoroshi msichana kwa masista."

Nikakiri. Nikamwambia yote, hata lile la msimu wa kahawa.

Nilidhani analia, nikamtazama, hakuwa akilia. Alikuwa anautazama mlima wa upande wa pili, alikozoea kupanda na kushuka alfajiri kabla ya kwenda kuteka maji.

"Lori litapita njia panda kesho," nikasema. "Ukisimama pale, watakuchukua. Jina lako lipo." Nilisema hivyo kama vile ninamfanyia hisani.

"Nikienda bila baba kunituma, neno lako litakuwa kweli," akajibu. "Nitakuwa nimekimbilia Bukoba. Hata nikirudi na kikombe cha fedha, nitarudi nikiwa shangazi, yule wa lori."

"Basi nitajaribu kuzungumza naye."

"Usijaribu, karani. Sema." Halafu akatabasamu kidogo, tabasamu ambalo sikulistahili. "Na usikimbilie kumaliza. Mimi mzunguko wa kwanza huwa naenda polepole."

Akaaga, akageuka kurudi. Mvua ilikuwa imezidi, nikafikiri atakimbia, kwa kuwa kukimbia ndiyo kazi yake. Hakukimbia. Alitembea, mikono imelala kando, kama mtu anayejua kuna watu wanachungulia milangoni.

Tangu nirudi nakaa hapa na aibu yangu. Wenzangu wa shule wangesema ni jambo dogo, mbio za wasichana tu, mwakani zitakuwapo nyingine. Lakini mwakani Kemilembe atakuwa ameolewa. Ng'ombe wa mahari wameshaletwa, na sijaona mume hapa anayemwacha mkewe azunguke uwanja watu wakitazama. Bukoba ni kesho, au Bukoba haipo.

Nami najijua. Ninaogopa Bwana Shauri akijua nilimdanganya. Ninaogopa kurudi kwa baba yangu bila kazi, yeye aliyeuza shamba la kahawa ili nisome. Ninaogopa uso wa Mzee Rwamugata pale atakapoelewa kwamba yule aliyemwita mwokozi alikuwa mwoga tu mwenye matamshi mazuri. Huo ndio ninaouogopa zaidi, na nimegundua kwamba ndiyo sababu nilitafuna.

Nimejiuliza kilichokosekana jana ni neno gani. Halikuwa neno la kukimbia. Bwana Shauri alisema pia kwamba binti atarudishwa hadi mlangoni, na hicho ndicho kipande nilichokiacha. Dada yake Mzee hakurudi. Mzee alihitaji kusikia neno la kurudi tu, na mimi nilikuwa nalo mfukoni.

Kwa hiyo sentensi yangu ni hii, na nimeisema kwa sauti mara nyingi, kwa Kinyambo changu kibovu, bila kuchunga herufi: Mzee, Bwana Shauri alisema binti yako aende akashindane, na arudi. Neno la kurudi nililiacha mimi.

Baada ya hapo atanifukuza au atanisikiliza. Akinisikiliza, nitamwomba apande lori na binti yake, akae kando ya uwanja na blanketi lake jekundu. Kisha nitakwenda kwa Bwana Shauri kusema na lile la msimu wa kahawa, kwa Kiingereza, lugha ambayo sina kisingizio cha kuikosea.

Kukipambazuka niwe nimeshavuka mto, nikielekea Nyakasimbi. Viatu bado havijakauka. Nitavivaa hivyohivyo.