Mashine ya Marehemu Mzee Waithaka

Zede uko? Nimechoka bana, mikono bado inanuka petroli.

Ile mashine ya kukata nyasi ya marehemu babake Muthoni, nimeiua. Leo. Mbele ya mathe, mama mkwe wangu, huko Kinoo.

Na nilikuwa nimeisevisi vizuri! Plagi mpya, filta nimeosha, uzi mpya wa kukatia nyasi. Nikajaza petroli. Ikanguruma dakika kumi, ikalia vibaya, ikajifunga. Kimya.

Mathe akatoka jikoni, akanusa tanki. "Obuya, ulichanganya oil?"

Oil gani, Zede? Kumbe hiyo injini haiwekwi petroli tupu.

"Ulichanganya oil?" Akarudia polepole, mpaka majirani wakaacha kufua.

Alafu akachukua slasha akaanza kukata mwenyewe. Miaka sabini na mbili! Nikataka kumpokea, akakataa. "Pumzika, mgeni."

Mgeni! Na nimeoa hapo miaka nane.

Kumbe Muthoni ndiye alikuwa anamchanganyia mzee, tangu darasa la sita. Na asubuhi aliniuliza kama tuende pamoja. Nikamwambia abaki, mambo ya mashine aniachie.

Sasa niko nje ya mlango wetu. Namsikia ndani akiongea na mamake kwa simu.

Anacheka. Sijabisha bado.