Kofia Niliyoinua

Homa Bay, Alhamisi, Aprili 1968. Mvua imenyesha tangu saa nane, sasa ni matone tu kwa mabati.

Nimemkosea Otieno. Naandika hivyo kwanza, kabla sijaanza kuzungukazunguka kama kawaida yangu.

Leo amekuja. Tulikuwa tunashusha nguzo za stima kutoka kwa lori, karibu na soko, nikasikia mtu anajisifu kule nyuma: "Mimi Otieno mwana wa Karungu, mjusi wa nguzo, kunguru wa waya!" Watu wote wakacheka. Huyo ndiye Otieno. Hata akija kuomba kazi lazima ajisifu kwanza.

Tulifanya kazi pamoja miaka ile ya Macalder, kwenye laini ya kupeleka stima mgodini. Nakumbuka zile asubuhi tunatembea chini ya waya, umande hadi magotini, yeye mbele na cheni begani, mimi nyuma na fimbo ya kupima. Mchana tunakula nyoyo baridi kutoka kopo moja, mahindi na maharagwe, yeye anachagua maharagwe. Waya zikinguruma juu anasema, "Omera, ndugu yangu, sikia, zinatusengenya." Sijapata tena mtu wa kucheka naye namna hiyo.

Tulikuwa na sheria yetu. Ile fimbo ilikuwa na balbu ndogo kwenye ncha. Waya ikiwa na moto, balbu inawaka nyekundu kidogo. Lakini jua la Nyatike, kule mgodini! Saa sita huoni kitu. Kwa hivyo nilikuwa nafunga kofia yangu kuukuu juu ya balbu, kama mwavuli, ndio nione kwa kivuli. Kwanza nagusa laini ya pili, ile tunajua iko na moto, nijue balbu ni nzima. Halafu nagusa ile tunataka kufanyia kazi. Halafu narudi tena kwa ile yenye moto, isije ikawa balbu imekufa katikati. Nikimaliza nafungua kofia, nainua juu. Otieno alikuwa anangoja nguzo ya mbele, na upepo wa kule unakula sauti, kwa hivyo kofia ndiyo ilikuwa neno. Asipoiona, hapandi kwenda kutundika cheni ya ardhi, ile ya kuteremsha moto udongoni, hata nyapara apige kelele namna gani.

Siku niliyomkosea nilikuwa na kofia mpya. Ya kijivu, na utepe. Nilinunua hapa Homa Bay kwa harusi ya ndugu yangu. Sikutaka kuifunga kwa fimbo yenye grisi.

Ni hiyo tu. Kofia.

Nikapima kwa jua kali, balbu iko wazi. Sikuona mwanga, nikasema waya imekufa. Ile laini ya pili sikuigusa kabisa. Nikainua kofia.

Kule kwa swichi ya kuzima laini, kisu kimoja, kile chuma cha kukata moto, kilikuwa kimekwama, hakikufunguka, na hatukujua. Otieno alipanda akiimba. Alipopeleka cheni kwa waya nikaona mwanga mweupe kuliko jua. Akabaki ananing'inia kwa mkanda wake kama shati kwa kamba.

Alipona. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vimekunjika, havifunguki tena. Nyapara aliniuliza, "Okelo, uliinua kofia?"

Nikasema hapana. Nikasema Otieno alipanda kabla.

Na Otieno akaniamini. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko vidole. Alikuwa amelala hospitalini, uso umepakwa dawa, ananiambia, "Labda ilikuwa upepo, omera. Ulitikisa kofia kichwani kwako, mimi nikadhani umeinua." Akaniomba msamaha kwa kunitia hofu. Mimi nilikuwa nimemletea machungwa. Nikayamenya, nikampa.

Mgodi ukamwachisha kazi. Tangu hapo anachuja dhahabu kule Osiri, na mkono huo.

Leo nyapara, yule yule wa Macalder, alimwangalia juu chini. "Si wewe ulipanda bila kungoja?"

"Ndiye mimi, jaduong', mzee wangu. Lakini sitaki kupanda. Nipe kusimama chini nishike fimbo. Mtu aliyeungua anajua kungoja."

"Wewe ulisema macho yako yalikudanganya, nikupe kupimia wengine?"

Vijana wakacheka. Otieno akacheka pamoja nao, lakini mkono aliutia mfukoni. "Uliza Okelo," akasema. "Okelo ananijua."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Tutaona."

Tutaona! Mdomo wangu huu.

Nyapara alimwambia arudi Jumatatu achukue jibu, na sauti ilikuwa ya hapana. Otieno akanipiga bega, "Asante, omera," kama kwamba nimemsaidia. Amelala kwa shemeji yake, kule kijiji cha Rodi.

Naogopa. Nikisema, huenda mimi ndiye nitaenda kuchuja mchanga Osiri. Lakini nani mwingine anajua kwamba Otieno hakuwahi hata siku moja kupanda bila kofia? Ni mimi peke yangu.

Kofia bado iko hapa, kwa msumari juu ya kitanda. Utepe safi. Grisi haijawahi kuigusa.

Jumapili nikitoka kanisani nitaenda Rodi kwa miguu nimwambie Otieno mwenyewe, asisikie kwanza mbele ya vijana. Na Jumatatu asubuhi, kabla lori haijaondoka, nitaifunga hiyo kofia kwa fimbo, grisi na yote, mbele ya nyapara. Nitasema: niliinua. Otieno aliona vizuri.