Sahani Iliyorudi na Pilipili Yako

Machi 3

Kaka wa gari la bluu,

Mimi mzima, ila nimekasirika. Hali yako leo siulizi.

Fundi viatu hununua kuku kwenye gari langu la chakula kila mchana. Jana sahani ilirudi ina pilipili yako, ile nyekundu unayosaga mwenyewe. Nilipombana akakiri kwamba wewe ndiye unayemtuma. Kumbe unachunguza mapishi yangu! Moshi wako unanitoa machozi kutwa, na sasa unataka na kuku wangu? Huna haya.

Dada yako

Machi 4

Dada wa gari jekundu,

Hujambo? Mimi sijambo, na hasira ninazo pia.

Nani achunguze kuku aliyezidi chumvi? Nashinda juu ya mafuta tangu alfajiri, chakula changu mwenyewe hakipiti kooni. Mpishi gani hajui hilo? Na yule muuza magazeti anayenunua chipsi zangu, mbona anaziingiza kwako kwa mlango wa nyuma? Nilinyamaza kwa heshima tu.

Mwenye uwanja huu tunaoegesha magari yetu anasema mwezi ukiisha ibaki biashara moja. Fungasha virago.

Kaka yako

Machi 20

Kaka,

Hujambo huko ulikokimbilia? Nimekuta nafasi yako tupu, yamebaki matofali uliyokuwa unazuilia magurudumu. Eti umeniachia uwanja. Nani alikuomba? Nilijiandaa kukushinda mbele ya watu, ukaninyima hata hilo! Wateja wako wananiuliza pilipili. Wawili nimewafukuza.

Barua anakuletea fundi viatu. Alijua ulipo siku zote, mnafiki yule.

Dada yako

Machi 22

Salamu,

Niko nyuma ya gereji. Wateja wangu ni mafundi watatu na mbwa wao.

Usidhani ni huruma. Gari lako halijawaka tangu mwaka jana. Wangelivuta kwa kamba, na wewe ndani unashikilia masufuria, watu wakicheka. Nisingeweza kutazama.

Na uache kuniita kaka.

Wa gari la bluu

Machi 23

Wewe,

Hali yako naijua: huli. Na mimi sijala mchana tangu uondoke, mjinga wewe.

Nimegombana na mwenye uwanja mpaka amesalimu amri. Magari mawili ruksa, mradi yawe biashara moja. Ameuliza kama sisi ni ndugu, nikamjibu hapana. Akauliza, sasa ni nani wako?

Njoo umjibu wewe. Mimi bado nina hasira. Chumvi nimepunguza.

Wa gari jekundu