Alama ya Baba Bujiku

Ushirombo,
3 Machi 1984

Mjukuu wangu Scolastika,

Niwie radhi kwa kimya changu. Barua yako ilinifika kabla hatujapanda mpunga, na sasa mpunga unachanua. Sina udhuru unaostahili kuandikwa. Natumaini wewe na mumeo Marselino ni wazima. Sisi tu wazima, ila masika yamenikamata magoti.

Umeuliza kama nimezeeka. Nimezeeka. Vile vinundu vyeusi vya mashavuni, ulivyokuwa ukijaribu kuving'oa utotoni ukidhani ni kupe, vimezaliana. Mikono ina madoa meupe kama ya mtu aliyeshika chokaa. Miundi imekauka kama gome la mti.

Mwaka jana doa jeusi lilitokea katika unyayo wa kushoto, na sasa limezidi upana wa shilingi. Dada yangu Mbuke alipoliona alipiga vigelegele: "Baba amerudi!" Marehemu baba yetu, Bujiku, alikuwa na doa kama hilo, mahali hapohapo. Tangu siku ile Mbuke hulipaka samli kila jioni, na amekataza mtu yeyote asilikwaruze. Mimi ni mwalimu wa misheni. Mambo hayo niliyakemea maisha yangu yote. Lakini baba alifariki nikiwa bwenini, wala sikumzika. Nikikanyaga sasa, sijihisi mpweke.

Andika kwa wino, si kwa penseli.

Babu yako,
Stanslaus

Geita,
9 Aprili 1984

Babu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Wino umeadimika huku. Penseli ndiyo hii, utanichapa tukionana. Sisi hatujambo. Marselino bado anachimba dhahabu, naye anasema mzee mwenye kupe usoni asithubutu kumnyang'anya mke. Tumbo langu limekuwa kubwa, siwezi kupanda lori la pamba, la sivyo ningekuja mwenyewe. Juzi nilisikia harufu ya ugoro kama wako sokoni, nikasimama pale mpaka muuzaji akaniuliza nimepotelewa na nini.

Nilimsomea sista wa zahanati barua yako. Ya mashavuni yalimchekesha: ni uzee tu, hata yeye anavyo. Ya mikononi na ya miundi, vivyo hivyo. Tulipofika unyayoni aliacha kucheka. Anauliza: kingo zake hazilingani? Rangi zimechanganyika? Linatoa maji au damu? Anasema kwa watu weusi kama sisi saratani ya ngozi hupenda kujificha nyayoni.

Babu, naomba uniambie: babu mkuu Bujiku alikufa kwa ugonjwa gani?

Mjukuu wako,
Scolastika

Ushirombo,
26 Agosti 1984

Mjukuu wangu,

Natumaini umekwisha kujifungua salama. Swali lako nilikaa nalo muda mrefu, kwa sababu aliyemwuguza baba ni Mbuke, nami sikutaka kumwuliza. Juma lililopita damu ililowanisha soksi, nikamwuliza. Alikuwa ameshika kibakuli cha samli.

"Doa lilipasuka," alisema. "Kisha mguu ukavimba, na kinena nacho. Akakonda mpaka tukambeba kama mtoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Wazee walisema ndivyo mizimu inavyomchukua mtu wake."

Kisha akaketi chini. "Kaka, hii samli namlisha nani?"

Nimekwenda hospitali ya misheni. Wameandika niende Mwanza; huko huenda wakakata mguu chini ya goti. Nimewaambia nitafikiri. Scolastika, nimempata baba baada ya miaka hamsini, nao wanataka kumtupa katika ndoo. Najua hayo si maneno ya mwalimu.

Babu yako,
Stanslaus

Geita,
15 Septemba 1984

Babu,

Shikamoo. Nimejifungua mtoto wa kiume, na Marselino amempa jina la Bujiku. Ana baka la samawati juu ya makalio, pana kama jani la mhogo. Mama mkwe alitaka kwenda kwa mganga. Sista akasema watoto wengi huzaliwa nalo, litafutika lenyewe kabla hajaanza shule.

Kama unamtafuta baba yako, basi yuko huku, ananyonya na kunikojolea. Huo mguu si yeye. Wape mguu, babu, ubaki wewe. Nakutaka hata ukitembea kwa magongo, hata ukiwa mkali kuliko zamani.

Mjukuu wako,
Scolastika

Mwanza,
20 Oktoba 1984

Mjukuu wangu Scolastika,

Hujambo? Bujiku hajambo? Mimi nina nguvu ya kutosha kushika kalamu. Nilikubali kukatwa, nilitia sahihi kabla hawajamaliza kunieleza. Mbuke alinisindikiza hadi kwenye basi, akanifungia michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa, ya kula njiani.

Lakini daktari aliponipapasa kinenani alikuta uvimbe. Sasa hawana hakika kama kukata kutafaa, au wanirudishe nyumbani na mguu wangu. Watakutana Jumatatu. Nilidhani uamuzi huu ni wangu, kumbe nimekaa nao mpaka umehamia kwa wengine.

Lile baka la mtoto natamani nilione kabla halijafutika. Kutoka kwenu hadi kivukoni ni safari ya siku moja. Sikuamuru, nakuomba. Nipo wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na mlango nauona vizuri.

Madaktari wakishaamua, lolote litakalokuwa, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Babu yako,
Stanslaus