Kuionja Kwanza

Jumatatu, 10 Machi
Rozari imekwisha saa tisa kasoro robo. Kahawa ya asubuhi imepoa ndani ya nyungu. Faida, mke wangu, amekwangua ganda la chungwa na kuliponda na sukari hadi likatoa mafuta. Mimi nimekamua ndimu. Ndimu haipendi kahawa ya moto; hugeuka uchungu mtupu. Kisha maji mengi, ili kinywaji kiwe chepesi. Barafu ni ya jirani yetu Bisimwa, mwenye frigo na jenereta. Ameipitisha juu ya ukuta, kama afanyavyo kwa miaka tisa, kisha akaja kunywa.

Mimi sinywi. Nimeweka nadhiri ya kutogusa kahawa hadi Pasaka. Nadhiri ina shida yake. Kwa desturi yetu, anayempa mtu kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yake, kwa sababu ya karuho, ile sumu ya polepole inayoogopwa na mji mzima. Bisimwa peke yake hunisamehe wakati wa Kwaresima. Leo ameinua gilasi: "Mwalimu, kama iko karuho, basi ulitiamo sukari muzuri. Nikikufa, usiuzishe frigo yangu!"

Tulicheka. Risasi zililia upande wa chini wa mji. Tukaacha kucheka.

Alhamisi, 13 Machi
Wamemuua Bisimwa.

Saa nne asubuhi, mbele ya lango lake. Watu wenye bunduki walitaka pikipiki yake. Alisema ufunguo uko ndani. Mmoja wao, mwenye kovu shingoni, hakungoja. Mbili kifuani. Ya tatu mdomoni, alipokwisha kuanguka.

Nilitazama kupitia tundu la ukuta. Sikutoka. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye: sikutoka.

Walipoondoka nilimfunga taya kwa kitambaa ninachochujia kahawa. Hakikuwapo kingine karibu.

Jumamosi, 15 Machi
Maziko ya haraka, bila misa. Nimesoma sala mimi, katekista mzee. Mjane, Maman Furaha, amekwenda Bagira kwa dada yake na mfuko mmoja tu.

Saa kumi, mwenye kovu ameingia katika nyumba yao na watu wake. Wanamwita Komanda. Jenereta ya Bisimwa inanguruma. Mtu amekufa, frigo yake inaishi.

Jumanne, 18 Machi
Komanda amekuja na bakuli la barafu. Ameisikia harufu ya kahawa tunayokaanga.

"Muzee, miye niko na barafu. Weye uko na kahawa. Tusaidiane."

Faida alitengeneza. Mikono yangu ilimpa gilasi kama ilivyozoea kumpa Bisimwa. Sikuonja. Kosa la mtu aliyekaa miaka tisa na rafiki mmoja.

Aliitazama gilasi. Akanitazama mimi.

"Njo vile munafanyaka hapa? Mugeni anakunywa, mwenye nyumba anaangalia?"

Nilianza kueleza habari ya Kwaresima. Kitako cha bastola kilinipiga sikioni kabla sijafika kwenye neno nadhiri. Nikaanguka juu ya meza. Damu ilichuruzika ndani ya gilasi. Akamshika Faida shingo na kumwamuru anywe. Faida alikunywa yote, pamoja na damu yangu, akimkazia Komanda macho hadi tone la mwisho. Hakufa. Komanda akasema vema, kesho tena.

Jumatano, 19 Machi
Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa kifo chema. Sikio la kushoto halisikii.

Amekuja saa tisa. Nimeonja. Nadhiri imevunjika mbele ya bastola.

Ilikuwa tamu. Hilo limeniuma kuliko sikio.

Jumatatu, 24 Machi
Kila siku saa tisa. Huketi katika kiti alichozoea Bisimwa kukalia kwetu. Hutafuna barafu na kusimulia. Leo amesimulia jinsi walivyomkata mtu mikono yote miwili kwenye njia ya Bunyakiri, na jinsi mtu huyo alivyoendelea kuomba maji. Kisha Komanda akaomba aongezewe sukari.

Miaka arobaini nilifundisha watu wamsamehe adui. Zile zaburi za laana niliziruka, nikisema ni ngumu kwa wanafunzi. Sasa ndizo pekee ninazoweza kuzisali. Namchukia. Namchukia ninapokamua ndimu na ninapobariki chakula. Leo, alipoinama kuchukua kijiko, niliutazama mshipa wa shingo yake na kisu cha chungwa kilikuwa mkononi mwangu. Kisu kifupi mno.

Ijumaa, 28 Machi
Chini ya magunia ya maharage kuna kopo la sumu ya panya.

Uchungu wa kahawa na harufu ya chungwa hufunika mengi. Nitaonja, naye atakunywa kwa sababu nimeonja. Tutakwenda pamoja. Nina miaka sabini na minne, sitapoteza mengi. Faida nitampeleka asubuhi kanisani, akae huko hadi jioni.

Sikuungama. Padri angenikataza.

Jumamosi, 29 Machi
Faida amerudi kutoka kanisani saa nane, kabla sijamtazamia. Alinikuta jikoni. Aliliona kopo. Alipangusa sinia, akaweka juu yake gilasi niliyokwisha kuitia sumu, akaibeba mwenyewe.

Komanda alikuwa ameketi. Nilinyoosha mkono ili nionje. Faida alinitangulia.

"Papa, weye ulishavunja nadhiri siku mingi sana. Leo miye njo nitaonja."

Alilisema kwa upole, kama anayeniomba chumvi. Akaiinua hadi midomoni.

Niliipiga gilasi. Ikapasukia ukutani.

Komanda alisimama, bastola tayari mkononi. Faida akasema: "Umusamehe, Komanda. Mikono yake inatetemekaka. Muzee anafunga, hakulaka tangu jana."

Komanda alicheka. Alisema mikono ya kutetemeka ina dawa. Alinibwaga chini, akaukanyaga mkono wa kuume kwa kisigino hadi nikasikia vidole vikivunjika. Nilipopiga kelele, akanipiga mdomoni kwa kitako cha bastola. Meno matatu. Niliyatema juu ya sakafu, kando ya vipande vya barafu; sikuweza kuyatofautisha.

Faida alipiga deki. Akatengeneza gilasi nyingine, safi. Akaionja. Komanda akanywa, akaenda zake.

Kisha Faida akaketi sakafuni karibu nami, akanifunga vidole.

"Ulitaka kuniachia kiti mbili za bule, ya Bisimwa na yako," amesema.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimekwisha kuua moyoni. Aliyenizuia si sala yangu. Ni yeye, na kinywa chake wazi.

Jumatatu, 7 Aprili
Wameondoka alfajiri kwa lori. Frigo wameibeba. Jenereta pia. Kiti cha Bisimwa kimebaki kwetu, mguu mmoja umevunjika.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili
Nimeungama. Yote, pamoja na kopo. Kopo tumelizika, Faida na mimi, mbali na kisima.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili
Maman Furaha amerudi kutoka Bagira baada ya misa. Tumemkaribisha. Barafu hakuna. Nyungu tuliifukia tangu jana ndani ya mchanga uliolowa. Kahawa imepoa vya kutosha. Faida amekamua ndimu, vidole vyangu bado havikunjiki. Kitambaa cha kuchujia ni kipya.

Nilimmiminia mgeni kwanza. Nikasema, subiri nionje. Nilipogeuka, alikuwa amekwisha kunywa nusu.

"Mwalimu, kuonja ya nini? Si niko kwako?"

Akanyoosha gilasi aongezewe.

Nilimwongezea. Faida alinitazama, kisha akatazama ukuta, pale palipobaki doa la ile gilasi. Nikajimiminia yangu.

Ndimu iliunguza pale yalipokuwa meno.